Ulikifunga Kitabu Ukurasa wa Ngapi?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanawake sita, tunaazimana vitabu, na Jumamosi moja kila mwezi tunakutana barazani kwa mmoja wetu tukavizungumza. Tangu Ramadhani nimesoma riwaya nne, mbili za mapenzi na mbili za mambo ya ajabu. Nilipoulizwa nikasema ukweli wangu. Vuta n'kuvute nimeipenda mpaka katikati, halafu siasa ikaninyang'anya Yasmin. Nyota ya Rehema imeniliza, sina la ziada. Adili na Nduguze inanihubiria kama mtoto. The House of Rust niliisoma kwa pupa Aisha alipokuwa baharini, aliporudi nyumbani nikachoka, nikaimaliza kwa kujilazimisha. Wenzangu walinijia juu. Mmoja kasema nimewavunjia heshima wakongwe, mwingine kasema sikuelewa kwa kuwa nilisoma sayansi, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Je, maoni yangu ni makosa? Na nitajuaje kama ubovu ni wa kitabu au ni wangu mimi?"

Marahaba, mwanangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kazi yangu ya uhariri, miaka zaidi ya ishirini sasa, ni hiyo hiyo unayoifanya barazani: kusoma riwaya na kusema ninavyoiona, mbele ya mtu ambaye huenda maneno yangu yatamuumiza.

Nianze na hili la adabu, maana naona ndilo lililokuchoma zaidi. Huna kosa. Anayedhani kumheshimu mkongwe ni kumnyamazia amesahau fasihi yetu ililelewa wapi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, zama zile za vita vya Shela baina ya miji yao, hawakunyamaziana. Shairi lilitoka upande mmoja, likapokewa upande wa pili, likajibiwa. Ila tazama namna ya kujibu. Katika malumbano, anayejibu huishika kwanza kauli ya mwenziwe, akaigeuza huku na huku, ndipo akatia yake. Asiyeishika kauli hajajibu kitu. Na hapo ndipo ninapoona upungufu wa maoni yako: ulisema ulivyohisi, na ulivyohisi ni kweli, lakini hukushika kauli. Ndiyo maana wenzako walipata nafasi ya kuzungumza juu ya elimu yako badala ya kuzungumza juu ya kitabu.

Mimi mwenyewe sikulijua hili mpaka nilipofunzwa. Nilikuwa mhariri mchanga, nikapewa mswada wa riwaya ya mapenzi niusomee ripoti. Nikaandika nusu ukurasa: wahusika hawana uhai, mapenzi hayaaminiki, usichapishwe. Baada ya wiki kadhaa mwandishi akaja ofisini. Mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, amesafiri kwa basi usiku kucha, na mswada wake ameubeba katika mfuko wa nailoni, umepigwa taipureta, pembe za karatasi zimejikunja. Hakuja kwa hasira. Aliuweka mezani, akaunyoosha kwa kiganja, akaniuliza: "Mapenzi yao uliacha kuyaamini ukurasa wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeusoma mswada wote na nimechoka nao, lakini nilianza kuchokea wapi, sikujua. Akangoja. Alipoona sisemi kitu, akaniomba nimsomee tena, yeye angelala kwa ndugu yake mjini na kurudi kesho. Usiku ule niliusoma na penseli mkononi, na nikapaona. Ukurasa wa 41, kijana anamwandikia msichana barua, na mwandishi anatuambia barua ilikuwa tamu, msichana akalia. Barua yenyewe hatuioni. Kuanzia pale, kila jambo zito baina ya wawili wale tunapewa kwa habari tu: waligombana, wakapatana, wakaapizana. Kurasa 40 za mwanzo zilikuwa hai kabisa. Kumbe maradhi yalikuwa mamoja na yanatibika, na mimi nilikwisha kuuzika mswada mzima. Asubuhi nilimwonyesha ukurasa ule. Aliutazama kwa muda, akasema, "Barua ninayo kichwani. Niliona haya kuiandika."

Tangu hapo sisomi bila penseli. Nikihisi akili yangu imetoka kitabuni, natia nukta pembeni mwa mstari na kuendelea. Nikihisi pumzi imenikaa kifuani, nachora mstari. Simaanishi kitabu cha watu. Cha kuazima natumia vijikaratasi vya risiti, na wewe fanya hivyo, usije ukagombana na wenzako kwa jambo jingine. Nikimaliza, narudi kwenye nukta ya kwanza, kisha nasoma kurasa tano zilizoitangulia, kwa kuwa mara nyingi chanzo kiko nyuma kidogo ya mahali ulipochokea. Sasa tuvichukue vitabu vyako kimoja kimoja tuone nukta zako zilikaa wapi.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999, na tangu Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021 imepata wasomaji wapya ambao, kama wewe, wanaifungua wakitafuta mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana anayempinga Mwingereza Unguja. Wanayapata. Binti mdogo wa Kihindi ameozwa kwa Raza, mwenye duka mwenye umri wa kumzaa, anakimbia, nyumba za jamaa zake zinafungwa mbele yake, na anayempokea ni Mwajuma, maskini wa Mungu, mwenye kibanda na moyo mpana. Ningekuwa natia mistari yangu ya penseli katika riwaya ile, mingi ingeangukia kwa Mwajuma. Urafiki wa wanawake wale wawili ni mapenzi ya aina yake, na wasomaji wengi wanaupita mbio wakimkimbilia Denge.

Wewe unasema siasa ilikunyang'anya Yasmin. Nakubaliana nawe nusu. Shafi ndiye aliyeandika Kuli mwaka 1979, riwaya ya wapagazi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Ndiye pia mwandishi wa Haini ya 2003, inayohusu watu walioteswa gerezani. Kwake yeye serikali huingia mpaka chumbani kwa watu. Jiulize: nani anawatenganisha Yasmin na Denge? Katika riwaya nyingi za mapenzi angekuwapo mwanamke mwingine, au mama mkwe, au barua iliyopotea. Hapa ni askari wa Mwingereza wanaomwinda Denge, na ni jamii ya Yasmin isiyotaka kumwona na Mwafrika. Ukiiondoa siasa, hakuna kinachowazuia wasioane sura ya tano. Kwa hiyo kusema siasa imeingilia mapenzi ni kukisoma kitabu nusu.

Nusu yako ya pili lakini ni haki yako, na wenzako walipaswa kukusikiliza. Zipo sehemu ambapo kamera, niseme hivyo, inamwacha Yasmin na kumfuata Denge na wenzake kwenye harakati zao, na tunaporudi kwa Yasmin tunamkuta mambo yamemtokea. Aliyefunguliwa kitabu kwa jina lake, tuliyemzoea tangu anaishi juu ya duka la mume asiyemtaka, sasa anasimuliwa kwa mbali. Huo ni uchaguzi wa mwandishi, na msomaji ana haki ya kuona umemgharimu. Tafuta ukurasa halisi ambapo Yasmin alikutoka mikononi, uusome kwa sauti barazani, kisha waulize: hapa yeye alikuwa anawaza nini? Mkikosa jibu ndani ya kitabu, hoja yako imesimama. Mkilipata, umejifunza wewe. Mimi kila nikiisoma naona Shafi alimpenda sana Yasmin katika sehemu ya kwanza, na akampenda Denge kwa sababu ya kile anachokipigania, na mapenzi ya aina hii ya pili hayampi mtu uso. Yasmin nauona uso wake. Denge nayajua mawazo yake.

Hapa niseme neno juu ya jina, maana linawachanganya wengi na huenda limewachanganya nanyi. "Riwaya pendwa", kama wahakiki wetu wanavyolitumia neno hilo, si riwaya ya mapenzi. Ni riwaya inayosomwa na wengi kwa burudani, na aghalabu ni ya upelelezi, kama zile za Elvis Musiba tulizozifichia chini ya dawati. Riwaya ya mapenzi kwetu ni yoyote ambayo moyo wake ni mapenzi, iishe kwa harusi au kwa msiba. Wenzetu wa Kiingereza wanafanya vingine. Wale Mills & Boon, kampuni iliyoanza London mwaka 1908, ambao vitabu vyao vilivyochakaa mpaka leo utavikuta vimetandazwa chini kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam na Nairobi, wana ahadi moja na msomaji: mwisho utakuwa wa furaha. Msomaji ananunua akijua hivyo, na raha yake iko katika kuona watapita wapi mpaka wafike. Sisi hatukuwahi kutoa ahadi hiyo. Ukiisoma Vuta n'kuvute au Nyota ya Rehema ukingoja ahadi ya Mills & Boon, utaona umedhulumiwa na mtu ambaye hakukukopa. Na kinyume chake pia ni kweli: anayezidharau zile za Kiingereza kwa kuwa "mwisho unajulikana" anazilaumu kwa kutimiza neno lao.

Basi Nyota ya Rehema. Mohamed Suleiman Mohamed aliitoa 1976, miaka minne baada ya Kiu, na mimi naiweka juu ya riwaya zote za mapenzi nilizosoma kwa Kiswahili. Umesema imekuliza na huna la ziada. Unalo, mwanangu. Machozi yana ukurasa wake. Rudi ukautafute.

Nikuambie wangu. Rehema amezaliwa mweusi katika nyumba ya baba mwenye asili ya Kiarabu, Fuad, na baba huyo anamtilia shaka mtoto kwa rangi yake. Mtoto huyu hajafanya lolote. Kosa lake analivaa mwilini. Anakua hana pa kuegemea, na atakayemwona kuwa mtu ni Sulubu, mkulima fukara. Utaona mwandishi amewapa majina kwa makusudi: nyota ni falaki, ni bahati ya mtu aliyozaliwa nayo, na sulubu ni nguvu, ni uimara wa kuhimili kazi. Lakini majina haya hayakupigii kelele. Kinachonishika mimi ni kwamba mapenzi ya wawili hawa yanakaa katika kazi. Shamba la Ramwe wanalitia jembe pamoja, na ardhi inavyobadilika ndivyo na wao wanavyobadilika. Kuna waandishi wanaotuambia fulani alimpenda fulani kupita kiasi, na hatuamini. Huyu anatuonyesha mtu anarudi shambani jua kali na mwenziwe amekwisha kumtangulia, nasi tunajua yote. Kisha ardhi ile ile waliyopendania inakuwa ndiyo ya kugombaniwa na wenye nasaba na karatasi, na hapo ndipo mimi nilipolia, kwa kuwa kunyang'anywa shamba ni kunyang'anywa mapenzi yenyewe. Hawana pengine pa kuyaweka.

Ukienda barazani na hilo, ukasema "nililia hapa, na sababu ni kwamba shamba lilikwisha kuwa wao", hakuna atakayekuuliza ulisoma mchepuo gani.

Adili na Nduguze nitakuwa mkali kidogo kwako, kwa sababu Shaaban Robert ni mtu wa kwenu. Amezaliwa Vibambani, hapo hapo Tanga, mwaka 1909, na kitabu kilitoka 1952, mwaka mmoja baada ya Kusadikika. Unasema kinahubiri. Kinahubiri, nami sitakuficha. Mtu anayewaita wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kuanza. Hatutajiuliza kamwe kama Hasidi atamhusudu ndugu yake. Na katikati ya safari nzuri kabisa za bahari, msimulizi husimama akatupa nasaha ambazo kisa kilikuwa kinaelekea kutupa chenyewe. Nukta zangu katika kitabu hiki ziko kwenye nasaha hizo, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hilo hatugombani.

Ninachokugombeza ni kwamba ulizipita kurasa za manyani kana kwamba nazo ni mahubiri. Kisa chenyewe kina ukoo katika Alfu Lela Ulela, kile cha liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert akakichukua, akawafanya manyani. Fikiri tofauti yake. Mbwa ukimpiga, unampiga mnyama. Nyani ana vidole. Ana macho yanayokutazama kama ya mtu, akilia anakunja uso. Adili ndugu zake walimtosa baharini kwa wivu, jini akawageuza, na kwa amri ya jini huyo, amri asiyoweza kuikaidi, kila usiku lazima awashushie mjeledi. Anapiga mpaka wanalegea. Kisha huyo huyo aliyepiga anawapangusa machozi na kuwalisha, naye analia. Mgeni aliyelala nyumbani kwake anayaona haya gizani na haelewi anatazama nini, ukatili au huruma. Wala sisi hatuelewi bado. Hapo hakuna nasaha. Hapo kuna mtu mwema anayelazimishwa kila usiku kufanya kitendo cha mtu mwovu, kwa ndugu zake wa damu, na kesho yake asubuhi anatoka kuhukumu watu kwa haki.

Mambo ya ajabu katika riwaya nayapima hapo. Majini, mapaka yasemayo, merikebu zirukazo, yote hayo ni rahisi kuyaandika, kalamu haigomi. Ninachotazama ni kama ajabu ile ina bei, na nani anailipa. Uchawi unaomtoa shujaa shidani kila akibanwa hunitia usingizi, awe jini wa pwani au joka la Ulaya. Siku hizi vijana wananiletea miswada mingi ya mapenzi na majoka kwa kufuata vitabu vya Kiingereza vinavyovuma, na nukta yangu ya kwanza huanguka palepale: msichana anagundua ana nguvu za siri, na nguvu hizo hazimnyimi kitu. Katika Adili, ajabu ya manyani inalipiwa kila usiku, na anayelipa ni yule asiye na hatia. Miaka sabini na ushei imepita na bado sijaona katika riwaya zetu taswira ya kusamehe inayouma kuliko ile. Naomba uzisome kurasa hizo tena, peke yake, bila mahubiri yaliyozizunguka.

Imebaki The House of Rust, na hapa ndipo swali lako la pili lilipokaa, la ubovu kuwa wa kitabu au wako.

Kwa wasiokijua: Khadija Abdalla Bajaber ni mwandishi wa Mombasa, na kitabu hiki kilichotoka Marekani mwaka 2021 ndicho riwaya yake ya kwanza. Kilipata tuzo ya Afrika ya shirika la uchapishaji la Graywolf, na 2022 kikawa cha kwanza kabisa kutunukiwa tuzo yenye jina la Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani wa hadithi za ajabu. Msichana Aisha, wa ukoo wa Kihadhrami, baba yake mvuvi amepotea baharini. Anaingia chomboni kumtafuta, chombo cha mifupa, na mwenziwe ni paka mwenye ilimu anayesema. Wanakutana na madude matatu ya bahari, la mwisho likiwa Baba wa Papa. Anamrudisha baba yake nyumbani. Na kitabu kinaendelea.

Neno lako ni kwamba ulichoka aliporudi. Wala hukukosea ulipoweka nukta: ndipo kitabu kinapokunja kona. Hekaya tulizolelewa nazo huishia hapo. Shujaa amerudi, ameozwa, wakaishi raha mustarehe, na bibi anazima taa. Bajaber anaanzia hapo. Bibi yake Aisha anataka kumwoza ili amhifadhi, na kijana aliyechaguliwa ni mpole, hana ila. Laiti angekuwa Raza! Msomaji angejua la kutaka. Baharini adui alikuwa na meno, sasa aliye mbele ya Aisha ni mtu mwema mwenye nia njema na mlango wa nyumba nzuri, na Aisha hautaki, na hana la kumlaumia mtu. Hii ni riwaya ya mapenzi iliyogeuzwa nje ndani. Ukaingia nayo ukiwa na mwendo wa baharini miguuni, ikakuyumbisha.

Je, kitabu hakina lawama? Kinayo, kwa maoni yangu. Sehemu ile ya nchi kavu imejaa sauti nyingi, kunguru na wanyama wengine kila mmoja na shauri lake, na sentensi zake ni nzito, zenye kupinda na kurudi. Kuna kurasa nilizoziona zinazunguka pale pale huku Aisha akisubiri zamu yake ya kusema. Nimekisoma mara mbili, na mara ya pili baadhi ya nukta zangu zilihama, nyingine zikakaa palepale. Hicho ndicho kipimo nilichonacho, na sijapata kingine kilicho bora. Kitabu kikikushinda, kiache wiki mbili, kisha usome tena kurasa kumi tu kuzunguka nukta yako, asubuhi, ukiwa huna usingizi wala chungu jikoni. Nukta ikihama, uchovu ulikuwa wako: saa mbaya, lugha, au ulikuwa unangoja kitabu kingine. Ikikaa palepale, sema bila woga kwamba hapo kitabu kimelegea. Nimewahi kuzirudisha lawama zangu nyingi kwa njia hii, na zile nilizobaki nazo sijawahi kuzijutia.

Na hicho Kiingereza cha kidato cha nne kisikusumbue. Kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wake wanatania, wanalaani, wanabembeleza na kuusiana kama watu wa pwani. Mswahili wa Tanga atasikia kwenye maneno ya bibi yake Aisha vitu ambavyo msomaji wa Minneapolis atavipita. Pale unapokwama, jaribu kujisemea sentensi ile kwa Kiswahili, kwa sauti, kama vile angeisema bibi yako. Mimi nimefanya hivyo kwa kurasa nzima. Mara mbili tatu nilijikuta nacheka peke yangu, kwa kuwa nilimjua aliyekuwa akisema.

Basi Jumamosi ijayo, ukipewa nafasi, anza na Nyota ya Rehema, ukurasa wako wa machozi, uusome wote kwa sauti kabla hujasema neno. Kisha fungua Adili penye manyani, umpe yule aliyekuambia umewavunjia heshima wakongwe, asome yeye. Hiyo ya Bajaber iache mpaka mwezi ujao, utakapokuwa umerudia zile kurasa kumi. Na niandikie nukta yako ilipokaa. Yangu moja ambayo haikuhama iko baada ya Aisha kukanyaga nchi kavu. Sikutajii ukurasa, nataka kuona kama wako ni huo huo.